Mashine Iliyohesabiwa hadi Saba

Pigo lilikuja baada ya mashine kuzimwa. Nilikuwa nimeiona taa ya kijani ikififia, nimesikia mota ikishuka sauti hadi ikanyamaza, na nilikuwa nikiinama kuyatazama matundu kwenye bati, wakati Kiprono, fundi aliyeiendesha, aliponishika koti kwa nyuma na kunivuta. Ndipo panchi, chuma kinachotoboa bati, iliposhuka peke yake, kishindo kimoja kizito kilichopita sakafuni hadi kwenye meno yangu, ikapanda tena na kutulia.

"Sasa unaweza angalia, madam," Kiprono akasema.

Nitaisimulia safari hii kwa mpangilio wake, kwa kuwa kila nikiisimulia kwa mdomo naanzia hapo na kushindwa kuendelea.

Niliondoka Njoro asubuhi, saa mbili kasorobo, katika pikapu niliyoazimwa na rafiki yangu chuoni. Baba yangu mdogo ni fundi bati huko Kabazi. Hutengeneza mikebe ya maziwa, mapipa ya nafaka na, siku hizi, masanduku ya mita za umeme, ambayo huhitaji matundu mengi yanayolingana. Aliyatoboa kwa mkono mpaka mabega yakamgomea. Akataka mashine ya kutoboa bati inayoongozwa na kompyuta, ndogo, ya kuanzia, na akaniambia, "Wewe ndiye unasomea mitambo. Nichagulie." Nilitumia majuma matatu kutengeneza jedwali: tani za nguvu, upana wa meza, idadi ya panchi zinazoweza kukaa kichwani kwa pamoja, umeme wa fezi tatu. Jedwali likaichagua mashine iliyokwisha kutumika, iliyokuwa ikiuzwa Nakuru. Nikamwambia inafaa kabla sijaiona. Safari ilikuwa ya kuthibitisha tu.

Saa tatu nilifika Nakuru, kwenye karakana iliyo karibu na Kaptembwo. Mwenyewe, Bi Rukia, ni mjane ambaye wazee wake walitoka Pwani, na lafudhi yao bado imo kinywani mwake. Alikuwa akifunga karakana ya marehemu mumewe ili akaishi kwa bintiye. Alinipa chai ya tangawizi kabla hajaniuliza jina.

"Mashine itakutazama wewe kwanza," alisema, "kisha ndipo wewe uitazame."

Niliichukulia kuwa mzaha. Robo saa baadaye Kiprono alinivuta koti.

Nilipoweza kusema, niliuliza lile lilikuwa pigo gani.

"Hiyo ni ya kusindikiza," Kiprono alijibu. "Hii mashine iko na tabia yake. Ukizima, unahesabu mpaka saba. Ikigonga, imegonga. Isipogonga, pia sawa. Baada ya saba unaweka mkono."

Nilimwomba arudie, na mara hii sikuitazama mashine. Niliwatazama watu. Kiprono alipobonyeza swichi, karakana nzima ilisimama. Mtu aliyekuwa akipiga msasa aliuinua msasa wake. Mama aliyekuwa akimimina chai aliisimamisha birika hewani. Aliyekuwa akicheka aliufunga mdomo, kisha midomo yote ikaanza kucheza bila sauti, pamoja, kama waumini wanaojua sala moja. Pigo lilipolia, chai ikaendelea kumiminika na yule mtu akakimalizia kicheko chake pale pale alipokikatia.

Hawakujua kwamba wanafanya hivyo. Nilipomuuliza yule mama kwa nini aliisimamisha birika, alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Birika gani?"

Kwa mhandisi, jambo lenyewe si la ajabu. Ndani ya mashine ya aina hiyo kuna gurudumu zito linaloendelea kuzunguka baada ya mota kuzimwa. Klachi ndiyo huliunganisha na panchi, na breki huizuia panchi isishuke. Klachi ikichakaa na breki ikilegea, gurudumu huweza kuishika panchi tena, bila kuagizwa na mtu. Hayo yote niliyaandika katika daftari langu. Lakini gurudumu halijui kuhesabu. Hakuna sababu yoyote ya kimitambo ya kuheshimu saba.

Kwa hiyo nilitoa simu nikapima muda.

Mara ya kwanza pigo lilikuja katika sekunde ya nne. Mara ya pili, ya sita. Mara ya tatu halikuja kabisa, na mafundi wakacheka. "Leo imekosa nguvu, haijanywa chai," mmoja akasema. "Ama inaogopa madam. Inadhani ni wa serikali," mwingine akamjibu.

Mara ya nne hesabu ilifika saba bila pigo. Msasa ukaanza. Kiprono akaupeleka mkono wake wa kulia chini ya panchi na kulishika bati, akalichomoa, na akageuka ili anionyeshe matundu.

Pigo likaja. Simu ilisoma kumi na moja.

Kiprono aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto na kuutazama, upande wa juu, kisha kiganja. Bi Rukia aliweka kikombe chini taratibu.

"Haya," alisema. "Kuanzia leo tutafika kumi na mbili."

Watu wakaitikia kwa vichwa, na kazi ikaendelea. Hilo ndilo lililonitisha kuliko pigo lenyewe.

"Kwani mmewahi kuibadilisha hesabu?" nikauliza.

"Marehemu alikuwa akihesabu tatu," Bi Rukia alisema. "Mwaka aliofariki, tano. Kiprono, saba ilianza lini?"

"Ile siku ya glavu."

"Ee. Siku ya glavu."

Aliniashiria kwa kidevu. Juu ya swichi, kwenye msumari, ilining'inia glavu moja ya ngozi. Vidole vyake viwili vilikuwa bapa kama karatasi.

"Ilikuwa tupu," Kiprono aliharakisha kusema. "Niliiwacha tu hapo kwa meza. Hakukuwa na mtu ndani."

"Hajaumia mtu humu, mwanangu," Bi Rukia aliniambia, na kwa upole wa kweli akanishika bega. "Miaka yote hii. Ukiijua desturi yake, mtaishi vizuri."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na maneno, na nilikuwa na nambari. Badala yake nilimshukuru kwa chai, nikasema nitafikiria, na nikachukua nambari ya simu ya Kiprono kwa kisingizio kwamba huenda nikamuuliza habari za vipuri.

Saa saba nilitoka Nakuru na kupanda barabara ya Bahati. Nilisimama kutia mafuta. Kijana wa pampu alininyooshea kadi yangu, nami nikabaki nikiitazama mkononi mwake.

"Siste, kuna shida?"

Niligundua kwamba nilikuwa nikihesabu. Nilikuwa nimeshapita tisa. Sikuweza kuinyoosha mikono yangu mpaka nilipofika kumi na mbili.

Saa nane na nusu nilifika Kabazi. Baba Mdogo alikuwa amekwisha kumwaga zege la kuikalisha mashine na kulifunika kwa magunia mabichi lisipasuke. Miaka ya kupiga nyundo imeyaziba masikio yake. Huelewa kwa kuutazama mdomo wa msemaji. Nilianza kumweleza klachi, breki, majaribio manne ambayo hayatoshi kuthibitisha lolote kitaalamu, na uwezekano kwamba kipima muda cha simu kina hitilafu yake.

"Nyambura," akanikatiza, "unaongea ukiangalia viatu. Inafaa ama haifai?"

Nikauinua uso. "Haifai, Baba. Nilikosea kukwambia inafaa."

Alilitazama zege lake.

"Hilo tutaanikia mahindi," mama mdogo akasema kutoka mlangoni. "Hata nilikuwa nalitamani."

Baba Mdogo hakucheka. Alikuwa bado anautazama mdomo wangu, kana kwamba nilikuwa sijamaliza.

"Na huyo kijana anayeiendesha? Alisema nini ulipomwambia?"

"Sikumwambia."

Alidhani hakuona vizuri, akaniomba nirudie. Nikarudia.

"Lakini yeye alikuvuta," alisema. Kisha akayageuza magunia yake upande wa pili.

Saa kumi niliaga. Juu ya Bahati niliegesha gari kando ya barabara, mahali ambapo ziwa la Nakuru huonekana kama bati lililoachwa juani, na nikaketi na simu mapajani. Nilijipangia hoja zote. Majaribio manne ni machache. Mimi ni mgeni, na ni mwanafunzi. Mashine ile inawalisha watu sita, na mjane hana kitu kingine cha kuuza. Watanicheka. Wataniuliza mbona sikusema nilipokuwa nakunywa chai yao.

Nililojifunza katika safari ile ni dogo na halimo katika jedwali langu. Ile hesabu haikuwahi kumlinda mtu. Tatu, tano, saba, kumi na mbili: kila nambari ilitolewa na mashine, kwa pigo lililowapata watu wamekwisha kuiamini nambari iliyotangulia. Bahati ndiyo iliyowalinda, nao wakaiita desturi. Nami nilikuwa nimeondoka nikiwaacha na nambari mpya.

Saa kumi na nusu nikampigia Kiprono. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Sema, madam." Alikuwa mchangamfu. "Umeamua?"

"Kiprono, nisikilize."

"Nakusikia, ngoja tu kidogo, natoa bati."

"Usilitoe," nikasema. "Kiprono, mikono yako iko wapi?"