Bibi Aliyejilia Matanga

Nilipokuwa mtoto kule Kiseke, karibu na ziwa, mzee aliyeanza kupenda karanga alitutisha kuliko fisi. Fisi ungeweza kumfukuza kwa kijinga cha moto. Mzee mwenye hamu ya karanga, watu walisema, alikuwa ameshaitwa na wenzake waliotangulia, na hapo hakuna wa kumfukuza.

Sababu ilikuwa nyepesi. Kwetu hapakuwa na msiba bila karanga. Wanawake walizikaanga kwenye sufuria kubwa yenye mchanga wa moto, na waombolezaji wakazitafuna huku wakimzungumzia marehemu hadi ugali uive. Kwa hiyo mtoto akila karanga ni utoto tu, na kijana akila ana njaa, lakini mzee akizitaka kila siku, tena asubuhi, huyo anajilia matanga yake mwenyewe kabla hayajafika. Niliyaamini hayo kama ninavyoamini kwamba ziwani kuna maji.

Sasa Bibi Milembe, mama yake baba yangu, akaanza kula karanga.

Ilikuwa miaka ya tisini, sukari imejaa tena madukani. Watu wazima waliokuwa wamepanga foleni kwa ajili ya kilo moja miaka ya nyuma walifurahi kupita kiasi, na furaha yao waliimimina kwenye chai. Kumkaribisha mgeni chai isiyokolea ilikuwa dharau. Kwenda kumjulia hali mgonjwa bila pakiti ya sukari mkononi ilikuwa aibu ya kusimuliwa hadi Mkuyuni. Ndivyo tulivyopendana, na mimi siwezi kuwacheka sana, maana chai ile ilikuwa tamu kweli.

Bibi alipoanza kushikwa na kiu isiyokatika na kuamka usiku kucha kwenda nje, baba alimpeleka hospitali. Walirudi na jina la ugonjwa: sukari. Habari zikaenea, na majirani wakaja kumpa pole. Kila mmoja alikuja na pakiti ya sukari. Bibi alizipokea, akashukuru, akazipanga kabatini, akacheka hadi machozi yakamtoka.

Muuguzi alikuwa amemwambia ameze vidonge bila kuruka, apunguze ugali, anywe chai bila sukari, na badala ya andazi alilozoea asubuhi ale karanga kiasi cha kujaa kiganja, zisizo na chumvi. Bibi alikuwa mtu wa kushika neno. Kila asubuhi alikaa kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, ambapo tulizoea kuanika karanga, akatafuna moja moja taratibu, maana meno yake ya upande wa kushoto yalikuwa yameshaaga. Akaanza kupungua mwili. Kwetu kupungua hakukuwa habari njema hata kidogo, na majirani wakaanza kusema anaisha.

Siku ya Jumapili akaja Shangazi Kabula, binti mkubwa wa Bibi. Alikuwa na duka la soda Mkuyuni na sauti ya kuuzia soda. Alimkuta Bibi juu ya jiwe, kiganja kimejaa, mashavu yamebonyea. Alimwita mayu, yaani mama kwa lugha ya kwetu.

"Shikamoo mayu. Hizo karanga weka chini."

"Marahaba. Siweki."

Shangazi hakubishana. Aliingia ndani, akachukua gunia la karanga, akalifungia stoo na ufunguo akautia kifuani. Kisha akakaa na baba yangu, akamwambia kwamba hospitali imeshindwa. Watamvusha Bibi kwa kivuko hadi Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kwa mganga anayemfahamu, na huko ataacha vidonge, kwa kuwa dawa mbili hazikai tumbo moja. Baba, mtu mpole mbele ya dada yake, akakubali. Mimi niliyasikia yote na nilifurahi. Nilidhani Bibi anaokolewa.

Bibi alipoambiwa, hakupandisha sauti.

"Nitakwenda," alimwambia baba. "Lakini kwanza Jumamosi niletee watu wote wa ukoo huu walio karibu. Na Kabula, njoo na huo ufunguo."

Jumamosi walikuja, na Shangazi akafungua stoo. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akawasha moto mwenyewe uani, akaweka mchanga kwenye sufuria kubwa, ile ile ya misiba. Watu walipoona sufuria ile motoni na hakuna aliyekufa, walianza kuhesabiana kujua nani hayupo. Alikaanga, akapepeta kwenye ungo, akapita akimpa kila mtu.

"Mnasema ninajilia matanga," alisema. "Basi tuyale pamoja nikiwepo. Nataka nisikie mtakayonisema, na atakayedanganya nimsahihishe."

Mjomba mmoja alicheka kwa woga, wengine wakafuata, mikono ikaanza kwenda ungoni. Shangazi peke yake alikataa. Alisimama, na yule mwanamke wa sauti kubwa akaongea nusu kunong'ona.

"Baba aliomba karanga, mayu. Wiki yake ya mwisho. Mimi ndiye niliyempa. Akala, akafa."

Hapo ndipo nilipomwelewa Shangazi, ingawa nilikuwa mdogo. Ufunguo ule kifuani haukuwa ubabe. Alikuwa amempa baba yake karanga, na miaka yote hiyo alidhani amemuua.

Bibi aliweka ungo chini, akamshika mikono yote miwili.

"Kabula, mwanangu. Baba yako alikuwa na kiu hii hii yangu. Alikuwa akitoka nje usiku kucha, na asubuhi sisimizi wamejaa pale alipokojoa. Kwangu pia walijaa, ndiyo maana ndugu yako huyu aliponiambia twende hospitali sikukataa. Sikuwa daktari, lakini sisimizi niliwaona. Tulimpa nini yule mzee? Uji wa sukari. Soda. Kila aliyekuja alikuja na pakiti. Na chai nilikoroga mimi, vijiko hadi kijiko kisimame. Ukitaka kumlaumu mtu, anza na mimi, na mimi sikosi usingizi kwa ajili hiyo. Hatukujua. Karanga alizitaka kwa sababu alizipenda tangu ujana, na hizo ulizompa ndizo kitu pekee kizuri alichokula wiki ile."

Shangazi alilia kilio ambacho sikuwahi kumsikia nacho, hata kwenye msiba wa babu. Alipomaliza alichukua karanga moja, akaimenya ganda lile jekundu polepole, akala. Safari ya Kamanga haikutajwa tena.

Sitadai kwamba karanga zilimponya Bibi. Vidonge alimeza hadi mwisho, na ugali aliupunguza kwa kunung'unika. Lakini sasa nami nimefika umri wa kupimwa, na muuguzi akinitajia karanga, mboga na kutembea, nasikia maneno niliyokwisha kuyasikia kwa Bibi juu ya jiwe. Wala siwadharau wazee wetu kwa imani ile. Watu waliona mzee anakula karanga kisha anakufa, na huzuni ikawaunganishia mambo mawili kwa haraka. Huzuni ina haraka hivyo, hata leo, hata kwa waliosoma.

Bibi aliishi hadi akawabeba wanangu. Alipofariki, usingizini, Shangazi Kabula mwenyewe alikuwa ameshazeeka. Nilimtazama sana siku ile, kwa kuwa nilimwogopea. Alimlilia mama yake kwa uchungu wote wa mtoto, kisha akanyamaza, akafuta uso. Hakumuuliza mtu yeyote marehemu alikula nini mwisho.