Siku Niliyomwambia Mudira Agawe Kahawa

Siku yangu ya mwanzo kazini nilichelewa. Nilikuwa nimepangiwa skuli moja ya wasichana hapa Ibra, Omani, mwalimu wa michezo, na kaka yangu aliyenipeleka alisimama njiani kutia petroli na kuzungumza na kila aliyemjua. Mudira, yaani mkuu wa skuli, alikuwa akinisubiri mlangoni. Mwanamke mrefu, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu, na Kiswahili chake hakikuwa na mzaha. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwalimu, mimi hufika kabla ya bawabu. Wewe utafika kabla yangu." Nikafanya hivyo muda wote niliokuwa chini yake, na kusema kweli nilikuwa nikimwogopa.

Mudira alisomesha jiografia pia, darasa la mwisho. Milima ya Himalaya aliichora ubaoni kwa chaki bila ya kufungua kitabu, akawaambia wanafunzi kwamba iko siku ataiona kwa macho yake. Sisi walimu tukichekea pembeni. Wakati ule mwanamke wa Ibra akienda Maskati peke yake, watu walikuwa na la kuzungumza wiki nzima.

Nilipochoka na filimbi nikahamia Nizwa, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikipeleka watu kutembea milimani. Mkurugenzi wake alikuwa mtu aliyekulia bara, upande wa Bujumbura, na maneno yake yalijaa "programu" na "risiki", yaani hatari. Alitaka mwanamke, kwa sababu mabibi waliotaka kutembea hawakutaka kuongozwa na mwanamme. Akaniuliza, "Kupanda mlima unajua?" Nikamwambia najua kupuliza filimbi. Akasema, "Basi, ya kuanzia inatosha."

Kazi nilijifunzia Jabal Akhdar, mlima ulio karibu na Nizwa. Mwanzo nilikuwa mfunga njia, yaani yule anayetembea nyuma ya wote. Vijana wa leo hawaipendi nafasi hiyo, wanataka wawe mbele wapigwe picha. Lakini mfunga njia ndiye anayeona visigino vya kila mtu, na visigino vinasema mengi: nani kiatu kinambana, nani amechoka ila anaona haya kusema. Mwendo tuliupima kwa mazungumzo. Ikiwa bibi mmoja hawezi kutembea na kusengenya kwa wakati mmoja, basi mwendo ni mkali, tunapunguza.

Baadaye Mkurugenzi akaongeza safari za Nepal, kwenye hiyo milima ya Himalaya. Huko tulikuwa na sirdar, ndivyo wanavyomwita msimamizi wa wachukuzi na wanyama wa mizigo. Wetu aliitwa Pasang. Aliwahi kufanya kazi ya ujenzi kwetu, mjini Sur, kwa hivyo tukielewana kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. Kutwa tunatembea bondeni, usiku tunalala nyumba za wageni, na njiani tunapita kwenye nyumba za watawa wa Kibuda. Kanuni za kule nilizifundisha tangu Nizwa: viatu vinabaki nje, kuta za mawe yaliyochongwa dua zao unazipita zikiwa mkono wako wa kulia, na watawa wakiwa katika ibada unakaa kimya. Mabibi zetu hayakuwapa taabu hayo. Walikaa kwa adabu, wakatoka, wakatafuta pahala safi wakasali sala zao.

Taabu ilikuwa kimo. Ukipanda juu sana hewa inakuwa nyepesi, na mwili unataka siku kadhaa kuizoea. Asiyezoea huumwa na kichwa, hukataa chakula, hutapika. Hayo mtu hupumzika yakaondoka. Yakizidi, ubongo huvimba, mtu akaanza kupepesuka na kusahau. Hapo lazima ateremshwe, siku ile ile. Ukimwacha alale huko juu huenda asiamke.

Sasa utamjuaje? Sisi, jamani, hatujui kujibu swali la afya. Nikimuuliza bibi wa kwetu, "Umeamkaje?" atasema, "Alhamdulillah." "Kichwa je?" "Alhamdulillah." Mzima anajibu hivyo na mgonjwa anajibu hivyo, na anayekata roho naye. Niliwahi kuongoza Wazungu, nikawaonea gere wenzangu wanaowaongoza siku zote. Mzungu ukimuuliza habari ya tumbo lake atakueleza mpaka utake kukimbia.

Ofisi ilinipa kibano kidogo cha kubana kidoleni, kinapima oksijeni ya damu. Mkurugenzi alikitegemea sana. Lakini mabibi wengi walikuja safari wakitoka harusini, vidole wamevichovya hina nyeusi mpaka kwenye maungo. Kibano kinapitisha mwanga kidoleni, na mwanga ukikutana na hina ile kinatoa vistari, au namba isiyo na maana. Nilimpigia simu Mkurugenzi kumweleza. Akasema, "Hiyo risiki hatukuiweka kwenye programu."

Basi nikabuni njia yangu, na njia hiyo ni kahawa. Mnajua inavyogawiwa: mgawaji amesimama, dele, yaani birika la kahawa, mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia, unamimina kidogo, unainama, unampa mtu, unakwenda kwa mwengine. Aliyetosheka anakitikisa kikombe chake. Kazi hiyo inataka jicho, mkono na mguu vifanye kazi pamoja, na mtu ambaye kichwa chake kimeanza kuharibika haiwezi. Kila alasiri nikampa mmoja zamu, nao wakiona ni mchezo wa safari. Aliyemwaga nikamjua. Watu wazima tu ndio niliowaruka, kwa sababu kwetu kahawa hugawa mdogo wa waliokaa, na kumwinua mkubwa agawe ni kumvunjia heshima.

Mudira alijiandikisha akiwa amekwisha kustaafu, na mumewe amefariki. Alifuatana na mkaza mwanawe, mke wa mwanawe wa kiume, jina lake Shamsa, msichana mpole kutoka Sur. Wote wawili vidole vyeusi kwa hina, kibano hakiwafai; ndugu yake Shamsa alikuwa ameoa wiki ile. Shamsa alikuwa bado mgeni nyumbani kwa Mudira, na nadhani hata maji hakunywa kabla ya kumtazama mamamkwe usoni. Mudira naye alikuwa mbele yake amekaza uzi: hachoki, hahisi baridi, hapitwi na wakati wa sala.

Nilifurahi kuwa naye, nisiseme uongo. Pangboche, kijiji chenye nyumba ya watawa ya zamani, tuliingia wakati wa ibada yao. Mtawa mmoja alifika amechelewa, akapita mbele yetu ameinamisha kichwa. Mudira akamkazia macho mpaka akakaa. Tulipotoka akaniambia, "Mkuu wao ni mpole mno." Siku ile nilimwona kijana kuliko sisi sote. Ilibaki kulala Dingboche, kijiji cha juu yake, kupumzika, halafu kupanda hadi chini ya ule mlima mkubwa aliouchora maisha yake yote.

Dingboche siku ya mapumziko alisali adhuhuri. Msafiri hupunguza, rakaa mbili. Mudira alisali nne, akatoa salamu, akainuka akaanza tena kama aliyekuwa hajasali. Shamsa aliona, nami niliona. Nikasubiri amalize, nikamfuata chumbani kwake tukiwa wawili tu.

"Mudira, kichwa kinauma?"

"Alhamdulillah."

"Umekula?"

"Alhamdulillah. Mwalimu, usinifanye mtoto. Kesho napanda."

Nikatoka nje kwa Pasang. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni. Akaniambia helikopta haitaweza kuja leo wala pengine kesho. "Farasi ninaye," akasema. "Tukiondoka sasa tutafika Pangboche kabla ya giza. Baadaye, haiwezekani. Mkubwa wa msafara ni wewe."

Mtu kusahau rakaa si ushahidi, mimi mwenyewe nasahau. Nikimteremsha naye ni mzima, nimemnyang'anya mlima wake, na hana umri wa kurudi tena. Nisipomteremsha naye ni mgonjwa, nitarudi Ibra na maiti. Nilitaka kujua kwa yakini, na njia ya kujua nilikuwa nayo moja. Kumwita peke yake chumbani nimgawishe kahawa mimi asingekubali, angenifukuza. Na saa ile mabibi wote walikuwa wamekaa kuzunguka jiko la chumba cha kulia, pahala pekee penye moto, na Mudira katikati yao.

Nikaingia na dele. Shamsa akainuka kulipokea, kama ilivyo ada. Nikamwambia akae. "Leo zamu ya Mudira kugawa kahawa."

Mudira akanitazama. "Tangu lini?"

"Kila mtu ana zamu, Mudira. Nilikuruka, na haikuwa haki."

Alijua ninafanya nini, au hakujua, mpaka leo sijui. Akasimama. Akalichukua dele kwa mkono wa kushoto, vikombe kwa wa kulia, na hatua ya kwanza akaipiga miguu imepanuka, kama mtu aliye ndani ya basi linalokata kona. Akafika kwa Shamsa. Akamimina. Kahawa yote ikapita kando ya kikombe ikaangukia mkononi kwa Shamsa, nayo imetoka jikoni sasa hivi.

Shamsa hakusema "aa". Akakipokea kile kikombe kitupu, akakipeleka mdomoni, akafanya kama anayekunywa. Halafu akakitikisa, kwamba ametosheka, akasema, "Allah akuweke, mama." Mudira akapokea kikombe, akaenda kwa mwengine. Naye bibi yule, mtu mzima wa Nizwa, akapokea kitupu akafanya vile vile. Wote wakainamisha macho. Wangekunywa hewa duru nzima, wakamshukuru, wakamwacha akalale. Wallahi niliwapenda na niliwachukia kwa wakati mmoja.

Nikamshika mkono nikamwambia, kwa sauti ya kusikika, "Mudira, kahawa imemwagika chini na wewe hukuiona. Unaumwa. Tunateremka."

Akaniambia siwezi kumwamrisha, yeye ndiye mkubwa wangu. Nikamwambia ndiyo, wewe ndiye. Akasema mlima uko pale, nyuma ya ukungu, anaujua ulipo. Akajaribu kunionyesha na kidole kikaelekea nyuma, bondeni tulikotoka. Pasang na mwenzake wakampandisha farasi, mabibi wengine wakabaki na wachukuzi, Shamsa akatembea ubavuni amemshika kiuno na mkono uliobabuka, na mimi nikafunga njia. Njia nzima Mudira alinisema. Karibu na Pangboche akaacha kunisema, na hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nyumba za wageni zilijaa. Mtawa aliyeshika funguo za nyumba yao akatufungulia chumba, akatuletea mablanketi, hakuuliza sisi ni nani. Tukampa Mudira vidonge, tukamkalisha ameegemea, Shamsa upande huu na mimi upande ule. Kulipopambazuka akafungua macho akauliza mbona watu hawajaadhini, kisha akakumbuka tuko wapi. Akaitaja siku ya leo sawasawa. Nikatoka uani nikalia, wala sioni haya kusema.

Niliporudi ndani alikuwa amekaa wima, mtandio amejitanda vizuri. "Umenivunja mbele ya mke wa mwanangu," akasema. Hatukuzungumza tena mpaka uwanja wa ndege.

Tuliporudi Nizwa, Mkurugenzi aliniita. Alikuwa amekwisha kupigiwa simu kutoka Ibra. "Ungeweza kuifanya faragha," akasema. Nikamwambia asingekubali. Akasema, "Kumteremsha ulifanya sawa. Nenda ukamwombe radhi." Vyote viwili alivisema kwa dhati, na sikuona kosa katika kimoja.

Nikaenda Ibra na sahani ya halwa. Shamsa akanifungulia, alama ya kuungua bado iko mkononi, akaniingiza ndani. Mudira alikuwa barazani.

"Ulinianika mbele ya mtoto," akasema.

"Ndiyo, Mudira. Niwie radhi."

"Ingekuwa wewe, ungefanyaje?"

"Ningekasirika."

"Basi niache nikasirike."

Halwa hakuigusa. Msimu uliofuata hakuna mwanamke wa Ibra aliyejiandikisha kwetu, maana yeye alieleza katika kila baraza kwamba mimi sina adabu ya watu wazima. Wengine walinitaka nijitetee. Ningejiteteaje? Ningelazimika kueleza alivyopepesuka, alivyomimina ovyo, na wenzake wakanywa vikombe vitupu. Nikanyamaza, na hili naliandika leo kwa idhini ya Shamsa, aliyesema inatosha nisitaje jina la mamamkwe wake.

Nimestaafu sasa. Magoti ndiyo yaliyonistaafisha, si Mkurugenzi. Wasichana wanaotaka kazi hii huja kwangu, nami nawaambia habari za viatu, za mwendo, za hina wasitie kabla ya safari. Wanataka kujua pia watapendwa vipi na wageni wao. Hilo sina la kuwafundisha. Wengi wa niliowaongoza wananipenda, na sababu kubwa ni kwamba hawakuumwa.

Juzi nilialikwa harusi hapa hapa Ibra. Nikaingia, nikamwona Mudira amekaa mbele, mkongojo kando, Shamsa nyuma yake na watoto. Nikamwendea, nikamwamkia shikamoo. Akageuza uso. Nikaenda kukaa karibu na mlango, na muda si muda nikasikia amekwisha kuanza, anamweleza bibi mmoja kwamba yule pale, aliyekaa mlangoni, ndiye mwanamke asiyejua mkubwa wala mdogo. Bibi yule alikuwa mzito wa masikio, akamtaka aseme tena. Mudira akarudia yote tangu mwanzo, bila ya kusahau neno, kwa nguvu, mpaka ukumbi mzima ukasikia, na mimi nikakaa pale pale nikimsikiliza.