Masikio ya Bure

Wateja wa shangazi yangu walimwita Kisima, kwa sababu neno likishadondoka kwake halikupanda tena juu. Ni msusi. Chumba chake kina mlango mmoja, kioo kikubwa ukutani kilichoanza kuota madoa pembeni, benchi la wanaosubiri, kiti cha kuzunguka ambacho siku hizi hakizunguki, na kapu la plastiki lenye vitana, vibanio na mafundo ya nywele za kuunganishia. Ndani ya chumba hicho wanawake wamelia, wamecheka, wamepanga harusi na kuzivunja, na hakuna lililowahi kusikika nje. Mtu akihamia mtaani na kuuliza atasukwa wapi, huelekezwa kwa Kisima kwanza, kisha ndipo huambiwa kwamba pia anajua kusuka.

Nilipomaliza chuo nilikuja kukaa naye nikisubiri kazi. Nilifagia nywele, nilichambua nyuzi, na niliamini kwamba namjua.

Mchana mmoja, chumba kikiwa kitupu, alinipa simu yake na kuniomba nimwagizie kitu. Kwenye kioo cha simu palikuwa na picha ya kifaa kidogo cha masikio, rangi ya ngozi, na juu yake neno BURE kwa herufi nyekundu. Nilimuuliza anamwagizia nani. Akaendelea kukunja taulo.

"Mimi," alisema. "Sisikii, mwanangu. Miaka mingi sasa."

Nilikaa kwenye benchi kwa butwaa. Nilikuwa naishi na mtu huyu, nakula naye, nataniana naye kila siku. Alinivuta kwa mkono akanisimamisha nyuma ya kiti, pale anaposimama yeye, akaniambia nitazame mbele. Nikaona. Kutoka pale, uso wote wa aliyekaa unaonekana kwenye kioo, na mdomo wake unasomeka kama maandishi. Kumbe muda wote alikuwa anasoma midomo. Nyumbani pia, nilikumbuka, hakuwahi kunijibu nikiwa nimempa mgongo. Nilidhani ni madaha ya utu uzima.

"Tatizo langu ni kisogo," alisema.

Akanieleza. Ukisuka kisogo, mteja huinamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, na uso wake unatoweka kwenye kioo. Hapo shangazi husikia mvumo tu, kama mtu anayezungumza chini ya godoro. Mteja akimaliza, huinua macho kutazama kioo apate jibu. Shangazi naye hutikisa kichwa kwa upole, kama anayekubali, na mambo yanaendelea.

Na kumbe hapo ndipo siri zote zilipotolewa. Watu hawatoi la moyoni wakitazamwa, huinama kwanza. Habari za bei, za watoto na za majirani walizisema wakiwa wameinua uso, naye alizipata zote. Yale mazito waliyasema wakiwa wameinama, na hakupata hata moja. Alitunza siri za mtaa mzima kwa sababu hakuwa nazo.

Nilimshauri aende hospitali. Alisema alikwisha kuandikishwa huko kupimwa masikio, na zamu yake ilikuwa bado mbali. Basi tukaagiza. Ukurasa wa kwanza uliuliza jina, wa pili anwani, wa tatu ukatupongeza, na kila ukurasa ulirudia neno BURE. Wa mwisho kabisa ndio ulioonyesha gharama ya usafirishaji. Ilizidi pango la mwezi mzima la chumba kile. Nilimwonyesha, nikasema maneno mengi ya busara niliyojifunza darasani. Alinisikiliza, yaani alinitazama mdomo, mpaka nikamaliza.

"Kifaa si ni bure?" aliuliza. "Basi nauli yake nitamlipia. Mgeni wa maana analipiwa nauli."

Mpeleka vifurushi alikuja na boksi la kutosha jozi mbili za viatu. Alilibeba kwa kidole kimoja, akalitikisa kidogo, akatuuliza kama tulikuwa tumeagiza upepo. Tulifungua. Karatasi juu ya karatasi, zimekunjwakunjwa kujaza nafasi, kisha kimfuko, na ndani ya kimfuko kitu kisichozidi punje ya harage. Shangazi alilitazama boksi, akakitazama kifaa.

"Kumbe aliyesafiri ni boksi," alisema.

Alikivaa, akaniketisha kitini ili ajaribu mikono huku kimo sikioni. Aliingiza kitana nywelani mwangu, akavuta, akasimama. Akavuta tena, polepole sana. Nilimwona kwenye kioo: mdomo wazi kidogo, macho yameelekea mahali pasipo na kitu.

"Hii ni nini?"

Nilimuuliza nini.

"Hii. Inayosema."

Akavuta kitana mara ya tatu na ndipo nami nikasikia, kitu nilichokuwa nimekisikia maisha yangu yote bila kukisikia: mchakacho mwembamba, kama mtu anayetembea mbali kwenye majani makavu. Zilikuwa nywele.

"Zina sauti," alisema. "Nimezishika maisha yangu yote, sikujua kama zina sauti."

Siku hiyo hakunisuka. Alinichana tu, upande huu na ule, mpaka ngozi ya kichwa ikaanza kuniuma, na sikuthubutu kumwambia aache. Kisha akazunguka chumbani akisikiliza vitu kimoja kimoja. Benchi lilikuwa na mlio. Uzi ukikatwa ulikuwa na mlio. Alisimama chini ya feni akaniuliza kama siku zote linalalamika vile, na kwa nini hakuna aliyewahi kumwambia. Nami nikaanza kusikia pamoja naye, na chumba nilichokizoea kikawa kigeni na kizuri.

Baada ya siku chache akaja Mshonaji. Ana cherehani yake mtaa wa pili na amesukwa na shangazi tangu ujana wao. Haya ninayoyaandika juu yake nayaandika kwa ruhusa yake mwenyewe. Alipiga soga vizuri mpaka zamu ya kisogo ilipofika. Akainamisha kichwa, sauti ikashuka.

Alisema mama mkwe wake ameanza kumwita 'mwanangu'. Yule yule aliyewahi kumtolea vitu nje, miaka ile mume alipomwacha na kwenda kusikojulikana.

"Nisingemchukua nimlee, Kisima," alisema. "Roho ilikataa kabisa. Lakini siku ile nilipokuuliza hapa hapa, ukatikisa kichwa. Nikaenda moja kwa moja kumchukua."

Mikono ya shangazi ilisimama katikati ya msuko. Kisha ikaendelea. Mshonaji akasema kuna jingine, zito kuliko hilo, ila bado analitafakari. Jumamosi atakuja kufumua na kusukwa upya, na safari hiyo anataka neno la shangazi.

Alipoondoka, shangazi alikaa kwenye kiti cha wateja, jambo asilolifanya kamwe. Nilimpa maji akayashika tu.

"Nilitikisa kichwa," alisema, "na bibi kizee akapata nyumba."

Alikuwa anaogopa. Nilimwelewa. Ingekuwaje kama swali la siku ile lingekuwa jingine? Na kwa miaka yote hiyo, alikuwa ametikisa kichwa mara ngapi, juu ya mambo gani? Wanawake waliopita pale mlangoni walikuwa wamebeba maitikio yake mpaka majumbani kwao, wakafanya nayo kazi. Alisema kuanzia sasa hataitikia jambo asilolisikia. La Jumamosi atalisikia neno kwa neno.

Katikati ya wiki kifaa kikaanza kuwaka taa nyekundu. Fundi wa simu wa mlango wa pili alikifungua, akageuza betri yake kwenye kiganja, akasema ameuza betri maisha yake yote na hajaona yenye umbo lile. Kampuni iliyoitengeneza ilitaka isipatikane dukani. Jioni hiyo hiyo ujumbe uliingia kwenye simu ya shangazi. Betri mpya tutapewa bure. Tulipie usafirishaji tu, na usafirishaji wa betri ulikuwa mara mbili ya ule wa kifaa. Chini kabisa, kwa maandishi ya kukaza macho, waliandika kwamba kwa kupokea kifaa tulikubali pia kutumiwa betri kila mwezi.

Niliwapigia simu. Kijana mmoja alipokea, sauti laini, adabu tele. Nilimwambia bei yao ni wizi.

"Bei gani, dada?" aliniuliza. "Sisi hatuuzi kitu. Kila kitu chetu ni bure. Tunasafirisha tu."

Nilikuwa na hasira, lakini lazima niseme kweli, nilistaajabu pia. Mtu alikuwa amekaa mahali akafikiri mpaka akapata njia ya kuuza kitu bila kukiuza, na kutufanya tushukuru. Nilifuta ule mpango wa kila mwezi kabla sijalala. Kuhusu betri, shangazi alitazama bahasha ya pango la chumba, akairudisha chini ya kapu. Alisema taa ikiwaka si kwamba betri imekwisha. Itamfikisha Jumamosi, baada ya hapo tutaona. Akawa anakivua kifaa kati ya mteja na mteja ili kisichoke.

Jumamosi Mshonaji alifika mapema, akaketi. Shangazi alivaa kifaa, akanitazama, nikaiona ile taa. Alisuka mbele, akasuka pembeni, mikono ikienda haraka kuliko kawaida. Kisha akamgusa begani, na Mshonaji akainama.

"Amepiga simu," alisema. "Baba watoto. Amesikia mama yake yuko kwangu. Anasema anataka..."

Taa ikazimika.

Mshonaji hakujua. Aliendelea kusema, kidevu kikiwa kifuani, kwa muda mrefu, na kila neno lilinifikia mimi kwenye benchi na halikumfikia aliyeambiwa. Shangazi alikuwa amesimama na msuko mkononi kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Halafu Mshonaji akamaliza. Akainua macho yake mekundu kwenye kioo, akasubiri.

Nilijua anachosubiri. Kichwa kitikiswe mara moja, kwa upole, kama siku zote. Jina la Kisima lote lilikuwa limejengwa juu ya mtikiso huo. Niliona shingo ya shangazi ikikaza.

Aliuachia msuko. Akazunguka kiti, akapiga magoti sakafuni kwenye nywele zilizoanguka, uso wake chini ya uso wa Mshonaji.

"Rudia," alisema. "Sikusikia. Mimi ni kiziwi, dada yangu. Ukiinama sisikii kitu."

Mshonaji alimtazama. Alitazama kifaa ambacho shangazi alikuwa amekivua na kukiweka kwenye kiganja mbele yake.

"Na siku ile ya mama mkwe?"

"Sikusikia."

"Ukatikisa kichwa."

"Nikatikisa kichwa."

Feni lile lilisikika kama gari. Mshonaji aligeuza uso wake kwenye kioo, akajiona: nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama juu kama ufagio. Alijigusa upande uliofumuka.

"Una bahati umenifikisha nusu," alisema. "Ningeshaondoka."

Kisha akaanza kucheka, kicheko kilichochanganyika na machozi, akampiga shangazi begani, si kwa mchezo sana. Akasema kumbe uamuzi ule ulikuwa wake peke yake, alikwenda kumchukua yule mama kwa miguu yake, na miaka yote hii amekuwa akimpa mtu mwingine sifa zake. Akasema arudishiwe. Shangazi akamwambia amerudishiwa zote.

Halafu Mshonaji akaeleza upya, safari hii macho kwa macho, polepole, midomo ikifunguka vizuri. Shangazi hakutikisa kichwa. Aliuliza maswali. Aliuliza mume amesema nini hasa, bibi anasemaje, watoto wanasemaje, na yeye mwenyewe akiamka asubuhi anataka mlango uwe wazi au umefungwa. Sijawahi kuona mtu akisikiliza namna ile, kwa uso mzima. Mwisho akampa neno lake. Neno hilo sitaliandika, kwa sababu Kisima ni kisima bado, na safari hii lilidondoka ndani kweli.

Betri haikuagizwa. Mteja wa pili wa siku hiyo alipoketi, na mimi nikijiuliza kisogo chake kitakuwaje, shangazi alilivuta lile boksi kubwa kutoka chini ya benchi, akamwekea mapajani. Juu yake akaegemeza kioo kidogo cha mkononi. Mteja akainama, na uso wake wote ukaonekana mle, mdomo na macho, kwa aliyesimama nyuma. Shangazi alimwambia sababu bila kuficha, kama alivyowaambia wengine wote baada yake. Wawili walihama. Waliobaki huinama, husema na kioo, na hujibiwa. Boksi lina kimo barabara kwa kazi hiyo. Shangazi husema nauli yake ilikuwa halali. Tulikosea tu kudhani ni ya kifaa.

Zamu ya hospitali bado haijafika. Kifaa kimo kwenye kapu, kati ya vibanio. Jana asubuhi, kabla wateja hawajaja, aliniketisha akaanza kunichana, na nilimwona kwenye kioo akipunguza mwendo wa kitana, akisubiri.

"Bado zinasema?" aliniuliza.

Niliinua uso ili anione vizuri, nikamwambia zinasema. Akavuta tena, polepole, nami nikamweleza jinsi zilivyosema.