Nilivyomwita Shemeji Sebuleni

Katika miaka ile ya tisini nilifanya kazi kwenye kiwanda cha pampu huko Fridley, kaskazini mwa Minneapolis, na siku za mapumziko nilishinda maktaba. Shule niliishia kidato cha nne. Sheria nilijisomea mwenyewe, nikinakili kifungu kwa kifungu kwenye daftari: kwamba Katiba ya Marekani inamlinda mtu nyumbani kwake, hata asiye raia, kwamba afisa asiye na hati ya hakimu anaweza kukataliwa mlangoni, kwamba anayeulizwa maswali ana haki ya kunyamaza. Mdogo wake mke wangu, ambaye tuliishi naye, alikuwa akinitania: "Wakili wa maktaba, leo umemtetea nani?"

Yeye alikuwa akisomea uhandisi na alibakiza mihula miwili. Muhula uliotangulia aliugua, akapunguza masomo kuliko viza yake ilivyoruhusu, na hakuiarifu ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwa wakati. Kwa karatasi, hakuwa tena mwanafunzi. Nilimsaidia kuandika barua ya kuomba arudishiwe hadhi hiyo. Ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi ya chuo.

Jumamosi moja ya Januari, saa nne asubuhi, mlango uligongwa. Mke wangu alikuwa kazini Coon Rapids. Nje walisimama mwanamume na mwanamke, wakaonyesha vitambulisho: maafisa wa uhamiaji. Walikuwa wakimtafuta mtu aliyepanga pale kabla yetu, na picha yake walikuwa nayo. Ningeweza kujibu kutoka pale mlangoni kwamba simjui, nikafunga. Lakini theluji ilikuwa imewajaa mabegani, na mwanamke alikuwa akipuliza vidole. Nikawaambia waingie, wakae. Nikabandika maji ya chai.

Niliitazama picha, nikasema ukweli: sijawahi kumwona. Mwanamume akaandika, akafunga kijitabu chake, wakaanza kuinuka. Kazi yao kwetu ilikuwa imekwisha.

Ndipo nikaita, "Shemeji! Njoo uwasalimie wageni."

Hakuna aliyeniomba nimwite. Katika nyumba niliyolelewa Tanga, mgeni haondoki kabla kila aliyemo ndani hajatoka kumpa mkono. Kubaki chumbani ni kumdharau. Akatoka na soksi miguuni, kalamu sikioni, akawasalimia mmoja mmoja kwa heshima. Mwanamume akamuuliza kwa upole anasoma wapi. Kisha akaomba kuona pasipoti yake.

Shemeji alinitazama. Haki yake ya kunyamaza niliijua mpaka namba ya ukurasa nilikoisoma. Sikuweza kufungua mdomo. Alijibu kila swali, kikamilifu, kama mtoto mbele ya wakubwa. Wakamruhusu avae viatu vya baridi, wakaondoka naye.

Wakili aliyetusaidia kwa kujitolea alikuwa kijana mchangamfu mwenye ofisi ndogo Saint Paul. Alifungua faili kwa matumaini.

"Waliingia kwa nguvu?"

"Hapana. Niliwakaribisha."

"Walipekua vyumba?"

"Hapana."

"Sasa walimpataje?"

"Nilimwita."

"Walikuamuru umwite?"

"Hapana. Nilimwita awasalimie."

Aliweka kalamu chini. Nikamuuliza kama tunaweza kuandika kwamba niliogopa, kwamba hofu ilinifanya nisijue nifanyalo. Akauliza kama kweli niliogopa. Nikafikiri, nikamwambia hapana.

"Basi sina pa kushika," akasema.

Nilipomtembelea shemeji kizuizini, tuliongea kwa simu kupitia kioo. Alikuwa amenyolewa vibaya.

"Ile chai, waliinywa?"

"Hawakuinywa."

"Watu hawana adabu kabisa," akasema, akacheka. Mimi sikuweza. Kisha akaniomba niende chuoni nikaulize kama mihula miwili inaweza kumaliziwa kwa posta. Nilikwenda. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akasema maabara haiwezi kutumwa kwa posta.

Hakimu alimruhusu aondoke nchini mwenyewe badala ya kufukuzwa kwa amri. Wakili alituambia hayo ni mafanikio. Nilirudi maktaba mara tatu kutafuta kifungu cha kumtetea mtu ambaye haki zake hazikuvunjwa na yeyote. Sikukipata. Mke wangu hakunilaumu hata siku moja. Alifua nguo za mdogo wake, akazipiga pasi, akazipanga ndani ya sanduku.

Jumapili kabla ya safari mke wangu alimpigia mama yao Tanga. Aliongea kidogo, akanipa simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Huyu mkeo analia tu, simwelewi. Hebu nieleze wewe uliyesoma mambo hayo. Mwanangu ameiba?"

"Hapana, mama."

"Amepigana na mtu?"

"Hapana."

Nikamweleza kwa utaratibu: viza, masomo aliyopunguza, maafisa, hakimu. Nilimwambia pia kwamba ni mimi niliyemwita sebuleni.

"Ulimwita awasalimie wageni?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa hapo ulikosea nini?" akasema. "Haya. Niambie basi, chuo anamaliza lini?"