Utando wa Buibui kwenye Kisanji cha Kambo

Umeme umekatika tena, nami nimechoka, rafiki yangu, ila kisanji, kile kiubao chenye vyuma vya kupiga kwa vidole gumba, bado kiko mapajani. Natengeneza muziki wa kusali: kisanji, mvua, vyura wa mtoni, basi. Muntu asikilize, moyo utulie. Vyura niliwarekodi kule Lukafu kwa simu, wakalia vizuri kabisa. Kisanji ndicho kinanishinda. Kinalia safi mno.

Cha kambo, baba ya mama yangu, hakikuwa safi. Nilipokuwa mdogo, kila likizo nilikwenda kwake Lukafu. Tukisha kula bukari, ugali wetu, alikaa mlangoni na kupiga taratibu, na kila sauti ilitoka na mvumo, zzz, kama nyuki ndani ya kibuyu. Hakuanza sala mpaka vyura wajibu. "Ngojeni," alisema, "benye mto habajaitika."

Siku moja nikataka kumfurahisha. Nikafagia kuta zote za udongo, nikakisugua kisanji kwa kitambaa chenye mafuta. Juu ya tundu lake palikuwa na kitu cheupe, chembamba kama karatasi. Nikakibandua.

Jioni kambo akagusa vyuma mara moja tu, akakigeuza.

"We mutoto, ile nguo ya buibui iko wapi?"

"Nimetoa buchafu, kambo."

"Buchafu!" Mama jirani akacheka mpaka akashika mbavu. "Shukuru, muzee! Leo hata kisanji kimefanyiwa salongo, kama mtaa siku ya usafi!"

Kumbe ule utando, ambao buibui hufumia mayai yake ukutani, ndio uliokuwa ukivuma. Tulitafuta mwingine kila pembe. Nilikuwa nimefagia vizuri sana. Likizo ile yote kambo alisali bila kupiga, na vyura wakalia peke yao. Hakunichapa. Heri angenichapa.

Akafariki, hakuna aliyemrekodi. Juzi nilipokwenda kwa ajili ya vyura, nilikuta nyumba yake ina saruji na rangi, buibui hana pa kushika. Nikabandika kipande cha mfuko wa plastiki juu ya tundu la kisanji changu. Kinavuma, kidogo.

Jana nilimwekea mama wimbo. Alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Akainamisha kichwa, akasikiliza, akatabasamu.

"Iko muzuri, mutoto yangu. Iko muzuri sana."

Lakini hakuacha kutwanga. Sauti ya kisanji cha baba yake ingeusimamisha ule mchi.