Nilisema Mgongo Umepona

Naanza na kosa lenyewe, maana nikianza na maumivu mtanihurumia kabla hamjajua nimefanya nini. Nilisema uongo mbele ya kaburi la baba yangu. Ndugu yangu alikuwa ananisitiri, nikamwaibisha mbele za watu. Hayo ndiyo makosa yangu, yaliyobaki ni habari tu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mabawa hapa Tanga. Nimeshona kanzu na suruali za shule tangu ujana, na kazi hii unaifanya umeinama. Siku mgongo uliponiacha sikuwa nimebeba gunia wala nini. Niliinama kuokota bobini ya uzi iliyoviringika chini ya meza, basi, sikuinuka tena. Mke wangu akanikuta nimeshika mguu wa meza, akaniuliza natafuta nini.

Hospitali wakasema kile kinachokaa kati ya pingili za mgongo, wao wanakiita diski, kimechomoza na kinabana mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Nikapasuliwa. Ule moto wa mguuni ulipungua, sikatai, na Mungu awalipe waliohangaika nami. Lakini watu wanadhani kupasuliwa mgongo ni kama kuziba tundu la suruali, ukishakata uzi kazi imekwisha. Wangu haukwisha.

Kukaa sana siwezi, kusimama sana siwezi. Kitandani nageuka mzima mzima kama gogo. Suruali navalishwa. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, ikabidi seremala anitengenezee kiti kilichotobolewa katikati, nikamsihi asiwaambie watu ni cha nani. Msikitini nikawa naswali kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu, mimi na wazee wa magoti, na ndevu zangu bado nyeusi.

Halafu mguu wa kushoto. Ulikufa ganzi kutoka chini ya goti mpaka vidoleni. Ndala hunivuka njiani nisijue, naenda zangu, mpaka mtu aniite, "We fundi, kiatu chako kimebaki huku." Mwanzo tulikuwa tunacheka wote. Kwenye cherehani haikuwa ya kuchekesha, kwa sababu yangu ni ya kukanyaga, na mguu ukawa haujui kama uko kwenye pedeli au sakafuni. Lazima niutazame. Na fundi akitazama mguu hatazami sindano.

Daktari alinionya nisibebe kitu kizito, nisiiname, nisirukeruke. Mke wangu, mama Rehema, aliyashika masharti yale kuliko mimi. Hata ndoo ya maji ikiwa karibu yangu anaisogeza.

Sasa kwetu asili ni Moa, kule karibu na mpaka. Kule sikusema kwamba nimepasuliwa. Niliwaambia nimechomwa sindano ya mgongo, nimepata nafuu. Mtaniuliza kwa nini. Kwa sababu barazani kwetu mwanamume akipasuliwa mgongo huambiwa huyo kwisha kazi, na mkewe anaanza kupewa pole ambazo hakuziomba. Nawajua wanavyocheka, maana nimewahi kukaa baraza ileile nikamcheka mtu vivyo hivyo.

Aliyejua ni mdogo wangu peke yake. Nitamwita Shabani, si jina lake. Nilipolazwa alikuja mjini, akalala chini kando ya kitanda changu, akaninawisha, akanisaidia haja. Aliporudi Moa hakumwambia mtu.

Na huyo Shabani ndiye aliyebaki na baba. Baba alipooza upande mmoja, akakaa kitandani miaka. Aliyekuwa akimwinua, akimwogesha na kumlisha uji ni Shabani. Mimi nilikuwa natuma salamu. Hata kabla ya mgongo, nilikuwa natuma salamu.

Baba akafariki. Tukaondoka alfajiri, nikasafiri nimeegemea mto, mkanda wa mgongo nimeufunga chini ya kanzu usionekane.

Kwetu mzazi akifa wanawe wa kiume ndio hushuka kaburini kumpokea, na mwana mkubwa hushika kichwani. Si kwamba dini imelazimisha mkubwa. Dini yataka mtu mwenye nguvu anayejua anachofanya. Ni desturi tu, lakini desturi ina macho. Asiyeshuka kumpokea babake atasemwa mpaka naye azikwe.

Kabla hatujaingia kwenye msiba mama Rehema alinivuta kanzu.

"Baba Rehema, usije ukashuka."

"Nani kasema nitashuka?"

"Hajasema mtu. Nakujua."

Makaburini ami yetu, ndugu yake baba, ndiye aliyekuwa akisimamia. Jeneza likawekwa chini. Kaburi lilikuwa tayari, na mwanandani, ile nafasi ya ubavuni anamolazwa maiti, umeshachongwa upande wa kibla. Ami akauliza nani wanashuka, kisha akanitazama mimi.

"Mgongo vipi, mwanangu? Nilisikia ulikuwa unakusumbua."

Kijiji kizima kimesimama pale. Wote wa barazani wapo.

"Nimepona, ami. Alhamdulillahi."

Nilimshukuru Mungu kwa uongo, na ulimi haukusita.

Shabani akanisogelea. Aliinama kama mtu anayenipa mkono wa pole, akaninong'oneza sikioni, "Kaka, mguu huo. Niachie mimi kichwani, wewe shika shuka hapa juu. Hakuna atakayejua."

Hebu fikirini. Angeweza kusema kwa sauti. Angesema tu, "Kaka kapasuliwa," na yote yangeishia hapo, ningeaibika kidogo nikaenda kukaa kivulini. Hakusema. Alishusha sauti ili aibu yangu isitoke nje.

Mimi nikamjibu kwa sauti ya juu. "Baba ni wako peke yako? Umekaa naye miaka yote hiyo, hata leo hutaki sisi tumguse?"

Watu wakatazama chini. Ami akasema, "Shabani, mwache kaka yako." Shabani akarudi nyuma, akashika ncha ya lile shuka linalotandazwa juu ya kaburi maiti anaposhushwa. Sikumtazama usoni. Nilikuwa navua viatu.

Nikashuka na binamu zetu wawili. Nilipotua chini mgongo uliniuma nikabana meno. Nikasema moyoni ni dakika chache tu, hata mtu mbovu anaweza dakika chache.

Baba akateremshwa. Alikuwa mwepesi, maradhi yalishamla. Kichwa kikaja mikononi mwangu. Chini ya shuka kulikuwa na mwanga hafifu, na udongo wa kule ni kichanga, unateleza. Nikasogeza mguu wa kushoto nitafute pa kukanyaga, na mguu haukuniambia kitu. Ulikanyaga ukingo wa mwanandani, ukingo ukamomonyoka, na mimi sikuhisi. Nilijua wakati tayari naanguka. Mgongo ukakata, mikono ikaachia.

Kichwa cha baba yangu kiligonga ukuta wa kaburi. Nilikisikia. Hakikuwa kishindo kikubwa.

Shuka likatuangukia, kwa sababu Shabani aliliachia akaruka ndani. Binamu zetu walikuwa wameganda, wameshika miguu. Yeye akapiga magoti, akakipakata kichwa cha baba, akaipangusa ile sanda mchanga kwa kiganja, polepole, kama alivyozoea kumpangusa uji mdomoni.

"Utuwie radhi, baba," akasema.

Aliniombea na mimi, na yeye hakuwa na kosa lolote.

Mimi nilitolewa kwa kuvutwa makwapani. Kaburi la baba yangu, na wa kwanza kutolewa na watu nilikuwa mimi. Wakanilaza chali kwenye mkeka pembeni, na mazishi yakaendelea. Talakini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini, nimeisikiliza nimelala, natazama juu. Kuna mtu nyuma alisema, "Si tuchimbe la pili kabisa," akanyamazishwa. Wahenga wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi kiliniumbua kilio cha baba yangu mwenyewe.

Sikulia. Watu walidhani ni maumivu yamenizidi. Sikulia pale, sikulia kwenye hitima, na mpaka leo sijalia. Mama Rehema alisema itakuja tu siku moja. Haijaja. Nikikumbuka ile sauti ya kichwa naona kama nakumbuka jambo nililosimuliwa na mtu.

Diski ilichomoza tena, palepale. Daktari aliniuliza nilikuwa nafanya nini.

"Nilianguka."

"Wapi?"

"Shimoni."

Akaandika. Akasema kupasua mara ya pili kunawezekana lakini hawezi kuniahidi, na ganzi ile huenda ikawa ndiyo yangu ya maisha. Nikamwambia sawa. Nilisema sawa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa.

Sasa natembea na fimbo, naburura unyayo. Nimejifunza kuishi nao. Kuamka naanza na ubavu, nashusha miguu, ndipo najisukuma kwa mkono. Nikitaka kukohoa natafuta ukuta kwanza. Natembea mpaka kona na kurudi, kila siku, hata nisipotaka, kwa sababu nikilala sana inakuwa mbaya zaidi. Cherehani anakanyaga mama Rehema, mimi namwelekeza nimelala chali sakafuni, naona kwapa la kanzu kwa chini. Wateja wengine wamehamia kwa fundi wa Nguvumali. Siwalaumu, kwapa za mama Rehema bado zinabana.

Moa siku hizi kila mtu anajua nimepasuliwa. Na mjue, hawakucheka. Walileta nazi na pole, wakasema mbona hukutwambia, tungekuwekea kiti. Kiti tu. Nilimwangusha baba yangu kwa kuogopa kicheko ambacho hakikuwapo, au kilikuwapo mdomoni mwangu peke yangu.

Shabani anakuja mjini kunitazama. Hajabadilika, na hilo ndilo lisilonipa raha. Siku mbaya, ambazo mama Rehema hawezi kuniinua, yeye ndiye ananiogesha. Mkono mmoja anaupitisha nyuma ya shingo, mwingine chini ya magoti, hesabu yake haikosei. Kazi hiyo kajifunzia kwa baba. Habari ya kaburini hajaitaja hata siku moja. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Juzi juzi tulikwenda kuzuru kaburi, mimi na yeye tu. Njia imepita kwenye shamba la minazi, ina mawe na mizizi. Nilikuwa nimejipanga safari hii nitamwambia. Maneno nilishayaandaa tangu nyumbani.

"Shabani," nikasema.

"Naam, kaka."

"Njia hii ina mawe."

"Ina mawe. Twende taratibu."

Tukaenda. Kufika kaburini naona hayupo, nageuka, kumbe yuko nyuma anakuja na ndala yangu mkononi. Ilinivuka huko nyuma, sina habari. Angeweza kunirushia, angeweza kunicheka. Alichuchumaa, akakishika kisigino changu, akakipangusa mchanga kwa kiganja, akanivisha.

Nilimwona akifanya hivyo. Mkono wake nauona uko juu ya mguu wangu, lakini sikuuhisi.

Akasimama, akajikung'uta magoti, akaanza kumsomea baba. Na mimi nikasoma. Ule msamaha sikuuomba. Ndiyo maana nimeuandika hapa, kwenu nyie msionijua. Yeye si msomaji wa mambo haya, kwa hiyo hata hapa najificha.

Wewe mwenye mgongo kama wangu, ukiulizwa mbele za watu sema bado. Sema nimepasuliwa, siwezi, nipeni kiti. Wakicheka watachoka. Na ukiwa mbele za watu, mtu wako akakunong'oneza, ujue anakufunika nguo. Mjibu kwa kunong'ona.