Wa Kwanza wa Kila Kijiji

Semeni alikuwa hoi tangu Jumatatu, na uchovu humdanganya mtu kwamba kazi imekwisha. Ndiye anayetunza kumbukumbu za kikundi cha wakulima wa mboga wa Uluguru: faili moja la kompyuta, la muundo wa XML, ndani yake vijiji, na ndani ya kila kijiji wakulima wake. Lori la kupeleka mboga mjini lilikuwa limebakiza nafasi ya mzigo mmoja tu, na kwa taratibu zao nafasi hiyo huwa ya mkulima wa kwanza kwenye faili. Akaandika amri ya kumtafuta huyo wa kwanza, //mkulima[1], akaambatanisha ujumbe wa simu, "Teremsha karoti kesho hadi Mkuyuni, nafasi kwenye lori ni yako," akafunga kompyuta.

Asubuhi alipofika Mkuyuni, alikuta vikongwe wamejaa kando ya barabara. Vikongwe tu, kila mmoja na kikapu chake.

Alilijua kosa lake papo hapo, akatamani ardhi ipasuke. Ile [1] haikuhesabu faili zima. Ilihesabu ndani ya kijiji, na kila ilipoingia kijiji kingine ikaanza upya. Angeizungushia amri yote mabano, (//mkulima)[1], wakulima wote wangepangwa kwanza mstari mmoja, ndipo atolewe mmoja. Na watu wa huku, kwa heshima zao, wakiandikisha majina humtanguliza aliye mzee kuliko wote. Mashine isiyojua magoti ya uzee ikawateremsha mlimani bibi za watu.

Ukapakiwa mzigo wa Bibi Mwanahawa, wa kijiji cha kwanza kwenye faili, lori likaondoka. Siku yenyewe haikuwa ya gulio. Hapakuwa na wa kuwauzia. Semeni akabaki kuomba radhi, huyu baada ya yule.

Wa mwisho alikuwa Bibi Veronika, ameketi juu ya jiwe akisugua magoti.

"Shikamoo, bibi. Nimekosea mimi. Aliyetakiwa ni mmoja tu."

"Marahaba. Kumbe!" Akaacha kusugua magoti. "Nami nilivyofurahi. Nikawaambia wenzangu, leo nimekumbukwa mimi."

Semeni aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. "Kijijini kwako wewe ndiye wa kwanza, bibi. Hapo sikukosea."

"Haya." Bibi akajiinua kwa shida, akakunja kanga yake kuwa ngata, akaiweka kichwani. "Njoo basi unitwishe, mjukuu wangu. Mlima unaningoja."

Semeni akainama, akakishika kwa mikono miwili kikapu ambacho bibi alikiteremsha peke yake. Hakikunyanyuka.